Malezi: Mwanangu akulie shambani au nimpeleke mjini?

SWALI

Mama mshauri, shikamoo. Nina mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka 3. Tunaishi Arumeru katika shamba la familia ya mume wangu, ekari moja na nusu ya migomba na kahawa, pamoja na kuku wa kienyeji na ng'ombe wawili wa maziwa tunaowafugia bandani. Mwezi uliopita nilimkuta mwanangu amekaa nyuma ya banda, ameshika chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa na dawa ya kahawa iliyobaki baada ya kunyunyiza. Namshukuru Mungu kifuniko kilikuwa bado kimekazwa. Siku hiyo nyumbani tulikuwa watu wazima wanne. Tangu hapo mume wangu anataka mtoto akakae kwa shangazi yake Arusha mjini hadi atakapoanza shule ya awali. Mama mkwe amekasirika. Anasema amelea watoto sita katika shamba hili na wote wako hai, na kwamba mtoto asiyekanyaga udongo hukua dhaifu. Yeye ndiye anayempa maziwa mabichi kila asubuhi, mara tu ng'ombe anapokamuliwa. Vilevile watoto wengi wa hapa wana meno ya kahawia, nami naogopa ya mwanangu yatakuwa hivyo. Nifanye nini?

Mama Elia, Arumeru

JIBU

Marahaba, Mama Elia, na pole sana kwa mshtuko ulioupata nyuma ya banda lile. Nitasema wazi tangu mwanzo kwamba mimi nisingemhamisha mtoto. Mtoto wa miaka 3 bado anahitaji kulala karibu na mama yake, na mjini nako kuna barabara, majiko ya gesi na ndoo za maji. Lakini nisingeacha mambo yaendelee kama yalivyo hata kwa siku moja zaidi.

Katika barua yako, maneno yaliyonikaa moyoni kuliko hata hayo ya chupa ni kwamba nyumbani mlikuwa watu wazima wanne. Ninayafahamu vizuri. Nilipokuwa nalea kitindamimba wangu katika kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, upande wa Machame, siku moja bibi yake alikuwa akipalilia maharage, mimi nikianika nguo, na wifi yangu yuko jikoni. Kila mmoja wetu aliamini kwamba mtoto yuko na mwenzake. Aliyemtoa kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ni kijana aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, ambaye alimwona amelala kifudifudi, na maji yenyewe hayakufika hata nusu ya muundi wangu. Mtoto yule leo ni mtu mzima, lakini mimi hadi sasa nikisikia maji yakitiririka na sioni mtoto aliye karibu, hugeuka kutafuta. Shambani mtoto ni wa wote, na jambo hilo ni baraka kubwa, ila kuna dakika ambazo mtoto wa wote huwa hana mtu hata mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri ni zamu inayotamkwa kwa mdomo. Anayemwacha mtoto aseme, "Mama, nakuachia Elia," na anayempokea aitikie; asipoitikia, mtoto hajapokelewa. Mtoto mwingine wa miaka saba au minane asihesabiwe kuwa ni mlezi, hata akiwa mtiifu namna gani, kwa sababu naye akimwona kinyonga atamsahau mdogo wake.

Pili ni dawa, na hapa nakuomba uniazime masikio kwa muda mrefu kidogo. Dawa nyingi za maji za kuua wadudu zikichanganywa na maji hubadilika na kuwa nyeupe kama maziwa. Sasa mfikirie mtoto ambaye kila asubuhi hupewa kikombe cha maziwa na bibi yake, na ambaye amezoea kuona chupa za plastiki zikitiwa maji, maziwa au juisi: atakapokutana na kimiminika cheupe ndani ya chupa kama hizo, ni kitu gani kitakachomzuia asinywe? Hawezi kusoma, na harufu peke yake haimtoshi kujua. Kwa hiyo dawa isihamishwe kamwe kutoka kwenye chombo chake cha asili kwenda kwenye chupa ya maji, ya soda au ya mafuta ya kula. Mchanganyiko upimwe kulingana na miche itakayonyunyiziwa, ili usibaki wa kuwekwa akiba. Dawa yenyewe, bomba la kunyunyizia na vipimo vyake vikae katika kasha lenye kufuli, mahali pa juu, mbali na jiko na chakula cha mifugo. Chupa tupu zisitumike kuchotea maji hata zikioshwa mara kumi, bali zitobolewe mara moja ili mtu asishawishike kuzitumia tena.

Kuna sababu nyingine ya kuacha dawa katika chombo chake. Kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako huko huko kwenu Arusha, huwa na kibandiko kinachotaja kiambato chake. Daktari hukihitaji kibandiko hicho ili ajue anapambana na sumu ipi. Mtoto akinywa dawa, usimtapishe na usimpe maziwa, ingawa majirani watakushauri hivyo kwa nia njema. Mkimbize hospitali pamoja na chombo. Ikiwa imemwagikia mwilini, mvue nguo zote hapo hapo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi kabla ya kuondoka, kwa sababu dawa hizi hupenya hata kwenye ngozi. Na hata kama hukumwona akinywa, ukiona jasho na mate vinamtoka kupita kiasi, mboni za macho zimekuwa ndogo na anapumua kwa shida, usingoje.

Kuhusu maziwa mabichi sitakuwa na maneno mengi: yachemshwe hadi yatokote, kila siku, bila kubagua ng'ombe. Ng'ombe anayeonekana mwenye afya anaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba au kifua kikuu cha ng'ombe, na magonjwa yote mawili humfikia mtoto kupitia maziwa. Kwamba watoto sita wa mama mkwe walinywa wakapona, tunamshukuru Mungu, lakini haitoshi kuwa sababu ya kumjaribu wa saba.

Kuhusu udongo, mama mkwe wako ana haki kwa sehemu kubwa, na ni vyema ukamwambia hivyo. Mwache Elia achimbe, apande mbegu yake ya haragwe, awatupie kuku mahindi na kuokota mayai akiwa na bibi yake. Mvishe viatu, mnawishe kwa sabuni kabla ya kula na kila anapotoka kwa kuku, kwa kuwa kinyesi chao humwingia mtoto mdomoni kwa urahisi kuliko tunavyodhani, na hakikisha hakosi matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto walio chini ya miaka 5. Angalia pia kadi yake ya kliniki kama chanjo zimekamilika, maana katika hizo imo kinga ya pepopunda, na mtoto wa shamba lenye samadi hukwaruzwa kila siku.

Hofu yako juu ya meno ina msingi. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, yanayotokana na miamba ya volkano, na ndiyo yanayoyatia meno rangi ya kahawia. Meno ya utotoni yakiharibika yatang'oka, lakini yale ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi wakati huu huu, tangu mtoto anapozaliwa hadi miaka 8 hivi, na yakishatoka yakiwa na madoa, hakuna kuyasugua yakarudi meupe. Floraidi haina rangi wala ladha, na kuyachemsha maji hakuiondoi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua na yenyewe hubaki. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Peleka sampuli ya maji yenu ikapimwe. Kituo cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali nanyi, kimekuwa kikishughulikia kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Wakati mkisubiri majibu, kingeni maji ya mvua kutoka kwenye bati na muyatenge kwa ajili ya uji na maji ya kunywa ya Elia peke yake, yakiwa yamechemshwa, katika chombo chenye mfuniko ambao hawezi kuufungua. Makande yake pia yapikwe bila magadi, kwa sababu magadi nayo hubeba floraidi.

Limebaki la mama mkwe. Usimwendee na lawama ya chupa, kwa maana sidhani kama kuna aliyeumia siku ile kuliko yeye, hata kama hasira ndiyo iliyotangulia. Mwombe achukue zamu ya asubuhi, saa ambazo wewe uko kwenye majani ya ng'ombe, na kuyachemsha maziwa ya mjukuu wake kuwe kazi yake mwenyewe. Mwombe mbele ya mwanawe, ili Baba Elia naye asikie kwamba zamu ya jioni ni yake, na kwamba siku aliyonyunyiza dawa zamu hiyo inaanza akishaoga na kuzivua nguo alizofanyia kazi, hata mtoto akimkimbilia kule migombani na kumnyooshea mikono abebwe.