Kwa unayeanza kuchoma Botox: chunguza kichupa kabla ya uso

Swali la kwanza utakaloulizwa, mteja akiwa hata hajakaa vizuri kwenye kiti, ni hili: "Dada, hii dawa haitanizunguka mwilini?" Wauguzi na matabibu wengi wapya kwenye kliniki za ngozi hujibu upesi, "Hapana, inabaki hapohapo." Usijibu hivyo. Siku mteja huyo atakapoanza kupaliwa na maji hatakupigia simu, maana ulishamhakikishia kwamba dawa haiendi popote.

Jua unachokishika. Ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayewapoozesha watu waliokula chakula cha kopo kilichoharibika. Ikifika kwenye ncha ya neva huingia ndani na kukata protini inayoiwezesha neva kumwaga asetilikolini, kemikali inayoupa msuli amri ya kujikunja. Neva ni nzima, msuli ni mzima, amri tu haifiki. Mikunjo ya katikati ya nyusi hulainika kwa kuwa msuli unaoikunja umelegea. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kama wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne uso hurudi ulivyokuwa.

Je, inazunguka? Dozi ya uso iliyochomwa vizuri hubaki karibu na ilipowekwa. Kwa katikati ya nyusi, dozi iliyoidhinishwa ya Botox ni uniti 20 zinazogawanywa sehemu tano. Makadirio yanayotumiwa sana ya dozi ya kumuua mtu mzima wa kilo 70 ni uniti 2,500 hadi 3,000, kwa hiyo nafasi ya usalama ni pana. Hata hivyo mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziagiza kampuni zote zinazouza dawa za kundi hili ziweke onyo kali kwenye maelezo ya dawa: sumu inaweza kusambaa mbali na ilipochomwa, ikaleta udhaifu wa misuli na shida ya kumeza au kupumua, saa kadhaa hadi wiki kadhaa baadaye. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wanaochomwa ili kulegeza misuli iliyokakamaa kuliko kwa wateja wa mikunjo. Mweleze mteja yote mawili. Watu wazima husikia na kuamua.

Ukifuatilia visa vikubwa vya urembo vilivyoishia kwenye mashine ya kupumulia, utakuta mara nyingi balaa ilianzia kwenye kichupa au kwenye dozi. Florida, mwaka 2004, watu wanne walipooza baada ya kuchomwa sumu ghafi iliyotengenezwa kwa kazi za maabara. Mmoja wao ni daktari aliyewachoma wenzake na kujichoma mwenyewe. Mapema 2023 zaidi ya watu 60 waliotibiwa Uturuki, baadhi yao wakiwa wasafiri kutoka Ujerumani, walipata botulizimu, yaani kupooza kunakoletwa na sumu hii, baada ya dawa hii kuchomwa kwenye ukuta wa tumbo la chakula ili wapungue uzito, matumizi ambayo hayajaidhinishwa. Mwaka 2024 ikaja Botox bandia Marekani. Baadhi ya maboksi yake yaliandikwa uniti 150, kipimo ambacho mtengenezaji halisi hatoi kabisa. Mtu aliyezoea vichupa vya 50 na 100 angeshtuka kwa kusoma boksi tu! Na England, kati ya tarehe 4 Juni na 14 Julai 2025, waliripotiwa wagonjwa 38 wa botulizimu iliyotokana na sindano za urembo.

Kwa hiyo mzigo ukiletwa kwenye begi la mtu aliyetoka Dubai au Istanbul, kwa bei inayokufanya utabasamu, ukatae. Tanzania angalia kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya huko. Kenya uliza Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa hii hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na begi halina friji. Kwetu hata friji yenyewe usiiamini bila kipimajoto ndani yake, umeme unavyokatika.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wapya. Uniti za Botox si sawa na uniti za Dysport, dawa nyingine ya sumu hiihii. Mikunjo ileile ya katikati ya nyusi inayotaka 20 za Botox hutaka 50 za Dysport, na hakuna kizidishio rasmi cha kugeuza hii kuwa ile. Jifunze kila dawa kwa maelezo yake. Halafu kuna bomba la sindano la insulini, ambalo wengi hulipenda kwa sababu sindano yake ni nyembamba. Namba zilizoandikwa juu yake ni uniti za insulini. Ukichanganya kichupa cha uniti 100 kwa mililita 2.5 za maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, kila mililita 0.1 ina uniti 4. Kwenye bomba hilo mililita 0.1 ni alama ya 10. Anayesoma "10" akadhani amevuta uniti 10 za Botox amekosea, na aliyechanganya kwa mililita moja tu, akavuta hadi alama ileile, amepata kumi kweli. Andika kwenye kichupa tarehe, saa na kiasi cha maji uliyoweka. Usipokee bomba lililovutwa na mwenzako bila kuambiwa alichanganyaje.

Kichupa ni cha mteja mmoja, na kikishachanganywa kitumike ndani ya saa 24. Utasikia mashosti watatu wanaojiandaa na kitchen party wakipendekeza wachangie kimoja ili bei ishuke. Hapo ni lazima uwe na uso mkavu, maana wanajua kubembeleza.

Kabla ya sindano, uliza maswali yasiyopendeza. Mjamzito au anayenyonyesha, mwahirishe. Mwenye miasthenia gravisi, ugonjwa unaoidhoofisha misuli, au ugonjwa mwingine wa neva na misuli asichomwe bila daktari wake kuhusishwa. Hata mtu anayekwambia tu kwamba kope humlegea jioni, au huchoka kutafuna, mrudishe akapimwe kwanza. Uliza pia kama yuko kwenye antibayotiki ya jentamisini, kwa sababu dawa za jamii hiyo huongeza nguvu ya sumu hii, na kwetu hutumika sana. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asipewe Dysport. Wapo watakaouliza kama dawa ina kitu cha mwilini mwa mtu. Ndiyo, Botox ina albumini itokanayo na damu ya binadamu. Waambie, ili anayetaka kumuuliza sheikh wake amuulize kabla ya kulipa.

Usiichanganye na fila. Fila hujaza ngozi iliyobonyea, na hatari yake kubwa ni kuziba mshipa wa damu, jambo linaloweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Ile ya asidi ya hialuroniki ina kimeng'enya cha kuiyeyusha. Botox haina cha kuifuta.

Ndiyo maana siku zinazofuata zina uzito kuliko dakika kumi za kitini. Kope moja kulegea ni kero inayojulikana, hutokea dawa ikipenya hadi msuli unaoinua kope, na huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini kuona vitu viwili viwili, kope zote mbili kushuka, sauti kubadilika, kupaliwa, shingo kukosa nguvu au pumzi kuwa fupi, huyo hasubiri asubuhi. Aende hospitali yenye wodi ya mahututi, nawe utangulize simu ukitaja jina la dawa, namba ya toleo na uniti ulizochoma. Antitoksini huzuia sumu ambayo bado haijaingia kwenye neva, haiondoi kupooza kulikokwisha tokea, hivyo kila saa ina maana. Ulizia leo hospitali ipi karibu nawe inaweza kuipata na kwa utaratibu gani.

Mpigie mteja baada ya siku tatu, umwone siku ya 14. Katikati hapo atakutumia picha akilalamika kwamba upande mmoja bado unakunjika na anataka aongezewe. Usiongeze hata uniti moja. Dawa bado haijamaliza kazi.