Sola ya gridi bila betri: pima matumizi ya mchana kwanza, kilowati baadaye

Ndugu yetu wa Bamburi ameuliza, nyumba yake inakula kama yuniti 390 kwa mwezi, kuna fundi amemwambia afunge sola ya gridi, yaani iliyounganishwa na laini ya stima, ya kilowati 5 bila betri na atasahau habari ya kununua tokeni, sasa anataka kujua ni kweli au la na stima ikipotea atabaki na mwangaza? Kaka, yote mawili hapana, na ntakueleza kwa nini manake hii kazi ndo naifanya kila siku hapa Mombasa na naona watu wanavyopoteza pesa nyingi kwa kuuziwa ukubwa wasiouhitaji.

Tuanze na stima ikipotea. Inveta ya gridi, kile kisanduku kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, haijitengenezei stima yake kivyake, inaifuata ile iliyoko kwenye laini, inasoma volti (hapa kwetu ni 240) na mapigo yake 50 kwa sekunde, kisha inaenda sambamba nayo na kusukuma ya kwake ndani. Laini ikifa tu inveta nayo inajizima papo hapo, hata kama jua la saa saba linachoma. Watu hudhani imeharibika, kumbe imeundwa hivyo makusudi, kwa sababu kuna mtu yuko juu ya nguzo huko anatengeneza waya akijua umekufa, na nyumba yako ikiendelea kurudisha stima barabarani utamuua. Kwa hivyo ukitaka mwangaza wakati wa giza, hiyo ni inveta ya haibridi na betri, ambayo inaikata nyumba kutoka kwa laini kwanza ndo iendelee, na bei yake ni nyingine kabisa.

Sasa ukubwa, na hapa ndo penye mambo. Mombasa kilowati 1 ya paneli iliyofungwa vizuri inakupa kama yuniti 4 kwa siku ukitoa hasara zote, siku za kaskazi anga likiwa jeupe inapita hapo, mvua za masika Aprili na Mei inashuka sana. Kwa hivyo kilowati 5 ni yuniti 20 hivi kwa siku. Wewe unatumia 13 kwa siku, ukiangalia haraka unasema alhamdulillah zinatosha na kubaki. Lakini hizo 13 unazitumia saa ngapi? Sola bila betri inakusaidia dakika ileile jua linapowaka. Feni na AC ya chumbani usiku, televisheni, maji ya moto ya alfajiri, hivyo vyote unaendelea kununua.

Kwa hivyo kabla hujalipa mtu yeyote fanya hivi. Nenda kwa mita saa kumi na mbili asubuhi uandike yuniti zilizobaki, rudi saa kumi na mbili jioni uandike tena, fanya wiki nzima pamoja na Jumamosi na Jumapili, na wiki hiyo usiingize tokeni katikati ya siku isije ikakuvuruga hesabu. Tuchukue kwamba kati ya 13, mchana ni 6. Hizo 6 ndo soko lako. Hapo paneli 4 za wati 550, yaani kilowati 2.2, na inveta ya kilowati 2 zinakutosha, zitatoa kama 8 au 9 kwa siku, nyingi utazila, na ukihamisha pampu ya kupandisha maji, pasi na mashini ya kufua ziwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa utazila karibu zote. Usishtuke paneli zikizidi inveta kidogo, kwa joto letu paneli haitoi wati zilizoandikwa mgongoni. Zile wati hupimwa paneli ikiwa nyuzi 25, na juu ya bati la Mombasa saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi inakula kama asilimia 0.35, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe, asilimia 12 imeenda na joto tu. Ndo maana acheni nafasi ya kiganja au zaidi kati ya paneli na bati upepo upite.

Joto pia linashusha volti. Paneli kama hizo zikifanya kazi zinatoa kama volti 42 kila moja, nne kwa mfululizo ni 168, zikichemka zinateremka mpaka karibu 148. Soma kibandiko cha inveta uone inaanza kazi kwa volti ngapi, ukiweka paneli chache mno mchana wa joto itakuwa inazima na kuwaka. Juu nako kuna mpaka wake, volti za paneli zikiwa hazina mzigo zisizidi ile kubwa iliyoandikwa, hiyo ikizidi inveta imekwenda.

Zile za ziada je? Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba kurudisha stima kwenye gridi na kuhesabiwa, na kanuni zake zilitoka 2024. Lakini ni kredit kwenye akaunti, si pesa mkononi, na yuniti unayorudisha haihesabiwi nzima kama ile unayonunua, kwa hivyo kujenga kubwa kwa tamaa ya kuuza, kwa nyumba ya kawaida mimi sishauri. Na bila makubaliano na mita inayosoma pande mbili usirudishe hata kidogo, kuna mita za tokeni ambazo stima ikipita kuelekea nje zinaihesabu kama umeitumia, unatoa stima yako na unalipia juu.

Dawa yake ni kile kibanio kinachofungwa kwenye waya mkuu karibu na mita, kinaiambia inveta nyumba inavuta ngapi sasa hivi ili isizidishe. Kitu kidogo lakini kina upande. Kuna nyumba Kisauni niliitwa, mwenyewe analalamika sola haifanyi kitu, nafika jua kali, friji na pampu zinafanya kazi, inveta inaonyesha wati chache tu na mita inakula kama kawaida. Aliyefunga alikiweka kibanio kinyume, mshale unaangalia upande usio, inveta ikadhani stima inaelekea nje kumbe inaingia, ikawa inajibana. Nikakigeuza, dakika hiyohiyo ikapanda. Siku ya kukabidhiwa kazi mwambie fundi awashe pasi mbele yako, wati za inveta zipande, azime, zishuke.

Mambo ya paa. Tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua linahama kaskazini na kusini kwetu, kwa hivyo ulalo ni mdogo tu, nyuzi 10 hivi kuelekea kaskazini, zaidi ni ili mvua isafishe vumbi. Paa lako likiangalia mashariki au magharibi si hasara kubwa. Kivuli ndo hasara, paneli zimefungwa mfululizo, kuti la mnazi likifunika kipande cha moja zote zinavutwa chini, na kinyesi cha kunguru ni vilevile, kioshe asubuhi mapema kabla kioo hakijashika moto. Wewe uko karibu na bahari, chumvi itamaliza bolti za kawaida mapema sana, dai reli za alumini na bolti za stenlesi, na miguu ishike mbao za paa, ikishika bati peke yake kusi ikivuma paneli utaziokota kwa jirani.

Na fundi mwenyewe umuombe leseni ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia kawi, kazi ya kuunganisha na gridi ni daraja la T3, wa madaraja ya chini hii si yake.

Ukishapata zile namba za asubuhi na jioni ziandike hapa, pamoja na paa linaangalia wapi na mita yako ni fezi moja au tatu, nikupigie hesabu ya paneli na waya.