Kuchagua stendi ya kupigia picha za anga kwa bajeti ndogo: anza na stendi, darubini itafuata

Ndugu, umeeleza kwamba unayo kamera ya kubadilisha lenzi pamoja na lenzi ya milimita 200, na kwamba fedha ulizotenga zinatosha kimoja kati ya viwili: seti ya darubini ya Newton, yaani ya kioo, yenye upana wa milimita 130 na fokasi (umbali kutoka kwenye kioo au lenzi hadi pale picha inapokaza) ya milimita 650, inayokuja na stendi nyepesi ya ikweta na mota ya mhimili mmoja, au stendi ndogo iliyo bora zaidi, bila darubini yoyote. Ushauri wangu ni kwamba uchukue stendi na uanze na lenzi uliyo nayo. Ninaposema stendi simaanishi miguu mitatu peke yake, bali hasa kile kichwa kilicho juu yake, chenye mihimili, gia na mota, ambacho kazi yake ni kuizungusha kamera kwa mwendo uleule wa anga.

Mwendo huo unajulikana vizuri. Dunia hukamilisha mzunguko mmoja, ukipimwa kwa nyota na si kwa jua, katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa hiyo nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia) husogea takriban sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa, ambapo digrii moja ina sekunde 3,600 za tao. Ili ujue jambo hilo linamaanisha nini kwa kamera yako, chukua ukubwa wa pikseli kwa mikroni, uzidishe kwa 206, kisha ugawanye kwa fokasi kwa milimita. Jibu ni idadi ya sekunde za tao zinazofunikwa na pikseli moja. Sensa nyingi za APS-C (ukubwa wa kawaida wa sensa katika kamera za kubadilisha lenzi) za megapikseli 24 zina pikseli za mikroni 3.9 hivi. Kwa lenzi yako ya milimita 200, pikseli moja inafunika sekunde 4 za tao, na kwa darubini ya milimita 650 inafunika sekunde 1.2 tu. Stendi ikikosea kwa sekunde 4 za tao, kwenye lenzi nyota itahama pikseli moja, kiasi ambacho jicho halikitambui, ilhali kwenye darubini itahama zaidi ya pikseli tatu na kutoka na umbo la yai. Kosa ni lilelile na stendi ni ileile. Kilichobadilika ni fokasi. Ndiyo maana mimi huchagua fokasi kwanza, kisha natafuta stendi inayoiweza, na sianzi na ukubwa wa kioo.

Kuhusu aina za stendi sitakaa sana. Stendi inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, hata ikiwa na mota mbili na kompyuta ya kutafuta nyota, huifuata nyota iliyo katikati ya picha lakini haiwezi kuzuia uwanja mzima usizunguke polepole kwenye sensa, na mzunguko huo huwa mkali zaidi karibu na utosi wa anga. Picha fupi fupi za sekunde 10 hadi 30, zikirundikwa kwa programu kuwa picha moja, bado hutoa matokeo ya kuridhisha. Darubini ndogo za kisasa kama Seestar S50, yenye fokasi ya milimita 250, zimethibitisha hivyo kwa picha za sekunde 10. Lakini kwa mtu mwenye kamera yake na nia ya kupanua vifaa taratibu, stendi ya ikweta ndiyo njia, kwa sababu mhimili wake mmoja hulazwa sambamba na mhimili wa Dunia na mwendo wote wa anga ukafuatwa kwa kuuzungusha mhimili huo peke yake.

Jambo la pili ni mzigo. Uzito ambao mtengenezaji huuandika kwenye maelezo yake mara nyingi ni ule ambao stendi inaweza kuubeba na kuuzungusha, na kwa kutazama kwa macho unatosha kabisa. Kwa picha, mimi hubaki kati ya nusu na theluthi mbili ya uzito huo, bila kuhesabu vyuma vya kusawazisha vinavyofungwa upande wa pili wa kamera. Urefu nao una uzito wake: mrija mrefu wa Newton hukamata upepo na huwa na nguvu zaidi ya kuisukuma stendi kuliko lenzi fupi yenye kilo zilezile. Mrija wa milimita 130 pamoja na pete zake, kamera na darubini ndogo ya kuongozea (ya kusaidia stendi kuifuata nyota) hukaribia kilo 5, na stendi nyepesi zinazouzwa ndani ya seti za namna hiyo tayari zinakuwa zimefika mwisho wa uwezo wake. Zaidi ya hapo, darubini nyingi za Newton zilizotengenezwa kwa ajili ya kutazamia haziruhusu kamera kuingia ndani vya kutosha kufikia pale picha inapokaza, kwa hiyo ungeweza kujikuta una vifaa vyote na picha haikazi.

Sasa tuingie kwenye gia, ambako ndiko bei za stendi zinakotofautiana kweli. Ndani ya stendi nyingi kuna skrubu ndefu inayosukuma gurudumu la meno, na kwa kuwa hakuna skrubu iliyochongwa bila kasoro, stendi hutangulia kidogo na kuchelewa kidogo kwa zamu, na kosa hilo hujirudia kila skrubu inapomaliza mzunguko. Chukua stendi mbili za ikweta za Sky-Watcher: gurudumu la HEQ5 lina meno 135, kwa hiyo kosa lake hujirudia kila baada ya sekunde 638; la EQ6-R lina meno 180, nalo hujirudia kila sekunde 479. Namba hizo utazipata mwenyewe kwa kugawanya sekunde 86,164 za siku ya nyota kwa idadi ya meno.

Kosa hilo linaweza kupigwa picha, na hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila anayenunua stendi iliyotumika akifanye kabla ya kulipa, ikiwa muuzaji atakubali. Elekeza lenzi ya milimita 200 kwenye nyota angavu iliyo karibu na ikweta ya anga, wakati inapita juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Kisha pindisha stendi yote kwa makusudi, digrii tatu hivi kwa upande, ili isilenge tena ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, rudisha nyota katikati, punguza ISO, bana tundu la lenzi, na uache shata wazi kwa muda wa mzunguko mzima wa skrubu, yaani dakika 11 kwa stendi kama HEQ5. Kule kupinda kutaiburuta nyota kuelekea kaskazini au kusini kwa pikseli 130 hivi, na wakati inaburutwa, kosa la gia litakuwa linaiyumbisha mashariki na magharibi, kiasi kwamba picha itaonyesha wimbi moja refu. Pima kimo cha wimbi kwa pikseli na uzidishe kwa 4. Stendi ninayoitumia sasa, niliyoinunua mkononi kwa mtu, ilitoa wimbi laini la pikseli nane, yaani sekunde 32 za tao kutoka bonde hadi kilele. Ulaini ndio ulionifanya niinunue. Wimbi kubwa linalopanda polepole hurekebishika, lakini wimbi dogo lenye meno meno, au lenye mruko wa ghafla, linaonyesha gia iliyoumia au yenye uchafu. Wakati uko hapo, shika pia ile fimbo ya vyuma vya kusawazisha na uitikise taratibu huku mihimili imefungwa; ukisikia pleyi, yaani ulegevu, fahamu kwamba utaiona kwenye picha siku ya upepo.

Njia ya kurekebisha wimbi hilo ni kamera ndogo ya kuongoza. Hufungwa pamoja na kamera kuu, hutazama nyota moja au kadhaa kila sekunde mbili tatu, na programu kama PHD2, ambayo ni ya bure, huiambia mota iongeze au ipunguze mwendo. Kwa hiyo hakikisha kwamba stendi utakayonunua inaweza kupokea maelekezo hayo, na usiishie kwenye mota ya kufuata peke yake. Hata hivyo uongozaji hauponyi kila kitu: hautaondoa mtikisiko wa miguu dhaifu, wala upepo, wala waya unaovutwa na kamera inapozunguka. Miguu ya stendi isirefushwe zaidi ya inavyohitajika. Mimi huacha yangu ikiwa fupi kabisa na kupiga magoti.

Kulenga ncha ya anga huwaogopesha wengi kuliko inavyostahili. Kosa la dakika 5 za tao katika kulenga husogeza nyota kwa takriban sekunde 1.3 za tao kila dakika, kiasi ambacho kwa lenzi ya milimita 200 ni theluthi ya pikseli. Polaris yenyewe, ile nyota ya kaskazini, imekaa umbali wa zaidi kidogo ya nusu digrii kutoka kwenye ncha halisi, hivyo anayeilenga moja kwa moja atapata mserereko wa sekunde 10 za tao kwa dakika: kwa picha za sekunde 30 inavumilika, kwa picha za dakika mbili haivumiliki. Anayeishi karibu na ikweta huenda asiione Polaris kabisa, na aliye kusini ana Sigma Octantis pekee, nyota hafifu mno. Wote hao huokolewa na programu kama NINA, ambayo hupiga picha tatu huku mhimili ukizungushwa, ikazitambua nyota zilizomo, kisha ikakuonyesha skrubu ipi uigeuze. Walio karibu na ikweta waulize pia kabla ya kununua kama stendi inashuka hadi latitudo yao, kwani baadhi hazishuki chini ya digrii 10, na kama fimbo ya vyuma haitagonga mguu.

Kwa hali yako, basi, ningetazama Star Adventurer GTi ya Sky-Watcher, ambayo hubeba kilo 5, ina mota kwenye mihimili yote miwili, hujitafutia kitu chenyewe na hupokea uongozaji. Ikiwa fedha hazifiki, Star Adventurer 2i au SkyGuider Pro ya iOptron hubeba kilo hizohizo, ila hufuata kwa mhimili mmoja tu na kutafuta kitu ni kazi ya macho na mikono yako. HEQ5 iliyotumika ningeipendelea kuliko zote ikipatikana ikiwa nzima, kwa kuwa hubeba kilo 11 hivi za vifaa vya picha. Kwa yule asiye na mahali pa kudumu pa kuisimamisha, uzito wake ni mzigo wa kweli. Stendi za gia ya hamoniki (aina nyingine ya gia, isiyo ile ya skrubu) kama AM5 ya ZWO ni nyepesi na hubeba kilo 13 bila chuma cha kusawazisha, lakini kosa la gia zake ni kubwa na bila kamera ya kuongoza hazikufai kwa picha ndefu, hivyo gharama huwa mbili kwa pamoja.

Aliye na fedha kidogo kuliko hizi zote anaweza kutengeneza ile stendi ya mbao mbili na bawaba: skrubu ya M6, yenye hatua ya milimita 1, ikiwekwa milimita 228.6 kutoka kwenye bawaba na kuzungushwa mara moja kwa dakika, huifuata anga vizuri kwa dakika kadhaa ukitumia lenzi ya milimita 50.

Ukishaizoea GTi au mfano wake, ongeza kwanza kamera ya kuongoza, na baada yake darubini ndogo ya lenzi yenye fokasi ya milimita 360 hivi. Kwa fokasi hiyo sensa yako itaona eneo la digrii 3.7 kwa 2.5, na galaksi ya Andromeda, ambayo ina urefu wa takriban digrii 3, itaenea yote ndani ya fremu moja. Kwa ile Newton ya milimita 650, upana wa fremu ni digrii 2 tu na ncha zake zingekatika.