Wastani wa .380 chuoni: je, mpwa wako anaweza kuwa mchezaji wa kulipwa?

Ndugu uliyeuliza kuhusu mpwa wako anayecheza besiboli mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Texas, umetuambia kwamba wastani wake ni .380, yaani hugonga mpira na kufika salama kwenye bezi (kituo cha mkimbiaji) mara 38 katika kila majaribio 100, na kwamba familia inajadiliana kama aache masomo iwapo timu itamchagua mwezi Julai, katika uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu niliishi Cape Cod, Massachusetts, na kwa majira sita ya kiangazi nyumba yangu ilipokea wachezaji wa vyuo waliokuja kucheza ligi ya huko, nami nikajitolea kukaa nyuma ya wavu na kuandika kila mpira uliorushwa.

Mwaka wa kwanza niliamini wastani, na kijana aliyelala kwetu ndiye aliyenionyesha kosa langu. Vyuoni hutumia gongo la alumini, lakini ligi ya Cape Cod imetumia gongo la mbao tangu 1985, kama wanavyotumia wachezaji wa kulipwa. Mpira unaompata mpigaji karibu na mikono yake, akiwa na alumini, bado huweza kudondoka nyuma ya walinzi wa karibu na bezi na kuhesabiwa kuwa ugongaji salama. Akiwa na mbao, gongo hupasuka kwenye mpini na mpira hujiviringisha hadi kwa mlinzi. Kijana yule alirudi nyumbani usiku mmoja na magongo mawili yaliyovunjika, akakaa jikoni bila kula, akisema hajabadilisha chochote katika mkono wake. Alikuwa anasema kweli. Kilichobadilika ni kwamba makosa yaliyokuwa yakifichwa na alumini sasa yalionekana. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, mpwa wako amewahi kucheza majira mazima ya kiangazi kwa gongo la mbao, na aligonga vipi?

Swali la pili unaweza kulijibu mwenyewe ukiwa na kalamu, kwa kuwa vyuo huchapisha takwimu za kila mechi. Mechi za ligi ya vyuo kwa kawaida huchezwa Ijumaa hadi Jumapili, na mrushaji bora wa timu huanza Ijumaa. Mechi za Jumanne mara nyingi huachiwa warushaji wa akiba au wa mwaka wa kwanza. Nimeona wastani mzuri sana ambao nusu yake ilijengwa Jumanne. Tenganisha mechi za Ijumaa, kisha hesabu mara alizotolewa kwa straiki tatu (straiki ni mpira mzuri aliouacha au aliourushia gongo akaukosa) na mara alizopewa bezi ya kwanza kwa mipira minne mibaya. Hata katika Ligi Kuu, zaidi ya mpigaji mmoja kati ya watano hutolewa kwa straiki tatu siku hizi. Mpigaji wa chuo aliyekwisha kufikia kiwango hicho mbele ya warushaji wa Ijumaa hunitia wasiwasi, kwa sababu huko aendako kila siku ni Ijumaa.

Jambo ninalolithamini kuliko yote, hata hivyo, halimo katika takwimu za kawaida. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua, na mrushaji mwerevu humtupia mpira unaoanza katikati kisha ukakata kuelekea nje. Karibu wote hudanganyika mwezi Juni. Katika daftari langu nilikuwa nikimtafuta yule ambaye kufikia katikati ya Julai ameanza kuuacha mpira huo upite, hata akiwa na straiki mbili, kwa kuwa huyo anajifunza akiwa kazini, na ligi ndogo za kulipwa, ambako vijana waliochaguliwa huanzia, hazimpi mtu nafasi nyingine ya kujifunza.

Umri na nafasi uwanjani nitavigusa kwa ufupi. Mwenye miaka 21 na mwenye 23 hawapimwi sawa hata wakiwa na takwimu zilezile, na mlinzi wa bezi ya kwanza hana budi kugonga kwa nguvu zaidi kuliko mdakaji, yule anayeipokea mipira ya mrushaji.

Usichukue mpangilio wa uchaguzi kuwa hukumu. Paul Goldschmidt alitoka Texas State, akachaguliwa raundi ya 8 mwaka 2009, na mwaka 2022 akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Mark Appel wa Stanford alikuwa wa kwanza kabisa mwaka 2013, lakini hakukanyaga uwanja wa Ligi Kuu hadi 2022.

Kuhusu kuacha chuo, mpwa wako yuko katika mwaka wenye nguvu zaidi ya kujadiliana, maana anaweza kukataa na kurudi kwa mwaka wa nne, ilhali akishamaliza huo timu inajua hana pa kwenda. Ikiwa takwimu za Ijumaa na za gongo la mbao zinaridhisha, mimi ningemwacha aende, lakini kabla ya kutia sahihi adai kwamba karo ya kumalizia shahada iandikwe ndani ya mkataba, kwa kiasi kinachotajwa wazi. Ukinitumia takwimu zake za msimu huu, nitazipitia mechi kwa mechi.