Asilazimike kuomba kila mara

Ndugu Mhariri, wiki hii umeuliza mwajiri afanye nini ili mwanamke anayevaa hijabu asijione mgeni kazini. Ayapange mapema, kwa maandishi, mambo ambayo sasa mama huyo huyaomba upya kila msimamizi anapobadilika. Kuomba huko kunachosha kuliko hata maneno ya kejeli. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya kampuni ya maduka ya nguo ya Abercrombie & Fitch, ilikataa hoja kwamba mwombaji kazi sharti kwanza ataje kuwa anahitaji ruhusa ya kuvaa ushungi.

Tuanze na sare. Ushungi uwemo kwenye orodha ya sare, wa rangi ileile, usiitwe "ruhusa maalumu". Kitambaa cha pamba kinachovutika hushika kichwa bila pini. Jikoni na kwenye mashine pini ni hatari, na ncha zinazoning'inia ni hatari zaidi, kwa hiyo hapo unafaa ushungi ulioshonwa tayari, wa kuvaliwa kichwani bila kufungwa, ncha zikichomekwa ndani ya kola. Chini ya kofia ngumu uwe tabaka moja jembamba, nywele zifungwe chini karibu na shingo. Fundo likiwa juu kisogoni, kofia huinuka na hailindi tena. Wengi wanaodai hijabu inavunja usalama hawajawahi kujaribu hata kitambaa kimoja.

Kuhusu swala, adhuhuri na alasiri ndizo huangukia saa za kazi, na kila moja huchukua kama dakika 10 pamoja na udhu. Nyakati hufuata jua, hivyo mapumziko yasiyosogea yatamfaa miezi fulani tu. Ugomvi mwingi huanzia kwenye sinki: miguu ikioshwa humo, maji humwagika sakafuni, kisha yeye ndiye anaitwa mchafu. Bomba la chini huumaliza, na pasipo fedha hata birika na karai vyatosha. Chumba kiwe safi na mlango ufungike. Stoo haifai.

Kwenye ukaguzi wa mlangoni, apekuliwe na mwanamke, faraghani, penye kioo cha kujifungia ushungi upya.

Na mwenzake akimwuliza mbele ya watu kama alilazimishwa kujifunika, msimamizi aingilie palepale. Akinyamaza, kesho atauliza mwingine.