Buti jepesi la saiti: punguza uzito wapi, usiguse wapi

Vijana wengi wanaoingia saiti huvua buti la usalama kabla wiki haijaisha na kurudi kwenye raba au ndala. Buti walilonunua ni zito, linabana vidole na linachemsha miguu. Buti jepesi na salama lipo, lakini inabidi ujue uzito umetolewa wapi. Ukitolewa kwenye soli au kwenye kinga ya vidole iliyotengenezwa kwa malighafi bora, umepata kiatu. Ukitolewa kwa kuacha bamba la chini linalozuia misumari au kwa kuweka plastiki ya kawaida mbele, umenunua raba ya bei mbaya.

Uzito wa mguuni si kama wa mgongoni. Mguu huinuliwa na kusimamishwa kila hatua, kwa hiyo gramu 100 kwenye kiatu huchosha mara kadhaa kuliko gramu 100 ulizobeba begani. Omba mzani dukani upime. Pea ya namba 42 yenye kilo 1.1 hadi 1.3 ni nyepesi. Ikivuka kilo 1.6, jioni utaisikia kwenye nyonga. Watu hulaumu chuma cha mbele, ila sehemu kubwa ya uzito huwa kwenye soli. Soli ya mpira mtupu ni nzito lakini huvumilia joto na mafuta. Soli ya PU, yaani plastiki ya poliyurethani, ni nyepesi na laini, humeza mshindo wa kutembea juu ya zege. Soli yenye EVA, yaani povu jepesi la plastiki, juu na mpira chini ni nyepesi na inashika vizuri. Kwa fundi bomba, fundi umeme au fundi marumaru anayekaa ndani ya jengo, tungeanzia hapo.

Kabla ya kupenda rangi, funua ulimi wa kiatu usome. Kiatu cha kiwango cha Ulaya huandikwa EN ISO 20345, pamoja na namba ya mguu, jina la mtengenezaji, mwezi na mwaka kilipotengenezwa, na herufi za daraja. Namba hiyo maana yake kinga ya vidole imepimwa kwa pigo la joule 200 na mgandamizo wa kilonewton 15. Ukikuta EN ISO 20346, pigo ni joule 100 tu. EN ISO 20347 hakina kinga ya vidole hata kidogo, ingawa kwa macho vyote vitatu vinafanana. Kiatu chenye alama ya CE peke yake, bila namba ya kiwango, kiache. Kisha bonyeza mbele kwa dole gumba kwa nguvu zako zote. Kikibonyea, hakuna mjadala.

Kinga ya vidole ya kompositi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ni nyepesi kuliko chuma na haipitishi joto la jua. Lakini kuta zake ni nene, hivyo kiatu huwa kipana mbele, na kama kimeshonwa vibaya hula nafasi ya vidole. Sumaku itakuonyesha kama muuzaji anasema kweli: ikinasa, ni chuma.

Bamba la chini ndilo linalosahaulika, na kwenye saiti zetu ndilo linalookoa zaidi. Mbao za kumwagia zege zikishang'olewa hutupwa chini misumari ikitazama juu. Kwenye herufi za daraja tafuta S1P au S3. S1 na S2 pekee hazina bamba. Kwenye toleo la 2022 la kiwango hicho, P ni bamba la chuma, PL ni bamba la kitambaa maalumu lililopimwa kwa msumari wa milimita 4.5, na PS limepimwa kwa msumari mwembamba wa milimita 3. Utaona pia S3L na S3S, kwa mantiki hiyohiyo. Nguvu ya kipimo ni newton 1100, karibu na uzito wa kilo 112. Bamba la kitambaa ni jepesi, hukunjika na mguu na hufunika unyayo mzima, ila msumari mwembamba hulipenya kwa urahisi kuliko ule mnene. Kwa hiyo anayetembea kwenye misumari ya nchi 2 kila siku achague chuma au PS.

Raba za usalama zenye kitambaa cha wavu zinapendwa sana siku hizi, na kwa kazi kavu ya ndani ni nzuri kweli. Usiingie nazo kwenye zege. Maji ya saruji ni makali, pH yake hufika 12 hadi 13, na yakibaki kwenye soksi huunguza ngozi taratibu hadi uje kushtuka jioni. Siku ya kumwaga zege vaa gambuti la S5, lenye kinga ya vidole na bamba. Mchomeleaji naye aachane na wavu pamoja na soli laini: cheche hutoboa kitambaa, na kipande cha moto huyeyusha PU. Atafute ngozi na alama ya HRO, soli iliyopimwa kwa joto la nyuzi 300 kwa dakika 1, na suruali aiteremshe nje ya buti.

Fundi umeme, sikiliza hapa. Herufi A maana yake kiatu kinaondoa umeme tuli mwilini, yaani kinapitisha umeme kidogo kwa makusudi. Si kinga ya shoti. Kinachohitajika ni alama ya EH ya kiwango cha Marekani cha ASTM F2413, kilichopimwa kwa volti 18,000 kwa dakika 1, au kiatu cha EN 50321, kiwango cha Ulaya cha viatu vya kuzuia umeme. Hata hivyo, soli ikilowa, ikilika au ikitobolewa na msumari, kinga hiyo inapungua au inakwisha. Kwanza kata umeme, funga swichi, pima kwa tesa. Kiatu ni cha mwisho.

Kujaribu kiatu kuna adabu yake. Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa kazini. Funga kamba kabisa. Mbele ya kidole kirefu ibaki milimita 10 hadi 12, kwa sababu chuma hakitanuki kama ngozi: kidole kikigusa leo, kucha itakuwa nyeusi mwezi ujao. Shuka ngazi, vidole vikigonga mbele, ongeza namba au tafuta kiatu kipana. Kisha chuchumaa na upige goti kama unayepanga marumaru. Hapo ndipo ukingo wa nyuma wa kinga hukata juu ya vidole, na dukani watu husimama wima tu kisha wanalipa. Mwisho kikunje kwa mikono: kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, hakina mhimili, na kwenye ngazi ya chuma unyayo utauma. Wanaopanda ngazi kila siku watafute kisigino chenye ukingo unaoshuka chini ya soli ya katikati, au alama ya LG, ya kushika ngazi.

Mabuti ya mtumba, hasa maeneo ya pwani, yana hatari isiyoonekana. PU hula unyevu wa hewa ikiwa imekaa tu stoo, kisha inapasuka vipande siku ya tatu ya kuvaa. Soma tarehe, ikipita miaka 3, kuwa na shaka. Kunja soli kwa nguvu mara kadhaa: ukiona nyufa ndogo au unga, rudisha.

Kabla hujalipa mwenyewe, muulize msimamizi wako. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Wiki ya kwanza vaa nusu siku. Kiatu kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini. Jiko la mkaa na jua kali huachanisha gundi. Usiongeze soli nyingine ya sponji ndani, maana inainua vidole vigonge kinga na inaweza kuharibu sifa za umeme za kiatu. Na kikiangukiwa na tofali la nchi 6 au nondo nzito, kibadilishe hata kama hakijabonyea. Kompositi hupasuka ndani kwa ndani bila alama yoyote juu ya ngozi.