Barua kwa mwanangu: umeniuliza kwa nini sihamii Fuoni

Mwanangu, vois zako zote nimezisikiliza, hata ile ya mwisho uliyoituma ushakasirika. Umesema "mama nimekujengea Fuoni nyumba kamili, ukuta, geti, tangi la maji, pakingi, unangoja nini, hapo Kiponda kuna nini ambacho huku hakuna?" Nikaona nikikujibu kwa vois utanikata kalima katikati kama kawaida yako, basi nakuandikia kutoka huku huku Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ukichoka kusoma mpe mkeo akusomee yeye ana subira.

Kwanza nikutoe wasiwasi, sijakataa. Unayosema kuhusu nyumba hii ni kweli tupu. Ngazi zinanishinda, magoti haya si ya kupanda ghorofa mbili na kikapu cha sokoni, boriti za chumba cha mbele zimelika na masika yakija tunatega ndoo mpaka barazani. Na Beit al-Ajaib tuliliona wote lilivyoporomoka Disemba 25 mwaka 2020, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, watu wawili wakafia pale, sasa kama lile limeanguka hii yetu isiyoshikwa na fundi miaka na miaka itakuwaje? Naogopa, sikufichi. Kwa hiyo usidhani mama yako kapenda mawe na chokaa.

Ila umeuliza kuna nini. Nyinyi vijana mnadhani ujirani wa Mji Mkongwe ulikuwepo tu tangu enzi, watu wamezaliwa wanapendana. Wapi! Sisi wenyewe hatukuzaliwa hapa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wenye nyumba waliondoka, wengine walikuja huko huko Oman uliko wewe sasa, wengine India, wengine Uingereza, serikali ikazichukua nyumba ikaweka watu. Babu yako katoka shamba kapewa vyumba viwili humu, mie mtoto mdogo sijui hata kupanda ngazi ndefu namna hii, na nyumba aliyokuwa akikaa tajiri mmoja na wanawe tukakaa familia nne. Juu Wapemba, kati sisi na bibi wa Kingazija, chini Wahindi ambao hawakuondoka. Hatujuani, na nikwambie kweli wengine hawakupendana, kila mtu anamtazama mwenziwe kapewa chumba gani chenye dirisha gani. Lakini bomba lilikuwa moja uani, ngazi moja, mlango wa nje mmoja. Sasa utamnunia vipi mtu ambae kila alfajiri mnasimama nae na ndoo pale pale, na maji yenyewe yanatoka kwa kuvizia, ukiondoka bila kumuomba akushikie foleni umekosa? Tukaanza kwa shida, mazoea yakaja nyuma yake.

Alafu ndo sahani zikaanza kutembea. Wewe ulizikuta zishazoeleka ukaona ni kawaida. Ramadhani kabla ya magharibi watoto wanapishana kwenye ngazi kila mmoja na sahani yake imefunikwa kawa, wa juu anashusha tambi, wa chini anapandisha bajia, na wewe uliwahi kumwaga uji wa bibi wa Kingazija ngazi nzima tukateleza siku tatu. Na sahani hairudi tupu. Hata kama huna kitu unatia ndimu mbili au sukari kidogo, lakini hairudi tupu, kwa hiyo siku zote kuna mtu anakudai na kuna mtu unamdai, na ndo maana mtu ukipita siku mbili hujaonekana anakuja kugonga, si mapenzi tu, sahani yake iko kwako!

Marehemu baba yako alipofariki ulikuwa mdogo lakini nadhani unakumbuka kidogo. Mie nimekaa chini sijijui, nilipokuja kupata akili jeneza limeshaletwa kutoka msikitini, wanaume wamejaa kwenye baraza hadi njiani, wewe na dada yako mshachukuliwa mshakoga mshalishwa kwa watu, na jiko langu lina wanawake ambao wanajua chumvi naiweka wapi kuliko ninavyojua mie. Siku zote za tanga moto haukuwaka kwangu, chakula kikitoka kwenye nyumba za watu kwa zamu, na sikusikia wakipangana.

Na ule umeme uliokatika kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hilo ulikuwa mkubwa unalijua. Miezi mitatu giza, pampu za maji hazifanyi kazi. Siku za mwanzo mwenye friza alipika kila kilichokuwemo akagawa kabla hakijaoza, tukala samaki mpaka tukachoka. Ile gesti ya kona ilikuwa na jenereta, mwenyewe akavuta waya mpaka nje, simu za mtaa mzima zimepangwa kwenye baraza yake zinachajiwa na kila moja imefungwa uzi wa rangi zisije zikachanganyika, na mzee mmoja kakaa anazilinda na kikombe chake cha kahawa. Hakuna iliyoibiwa.

Usione napaka rangi tu. Umbea wa hapa unaujua, huwezi kununua kitenge usiulizwe bei kabla hujafika mlangoni, dada yako alipoposwa mtaa ulijua kabla yangu. Na siasa zilituchafua vibaya sana. Tangu uchaguzi wa 1995 watu walisusiana, kule Pemba kuna waliofika hawazikani, na hapa mjini kila chama na maskani yake, wa CUF kahawa yao kijiwe cha Jaws Corner, wa CCM na zao, ndugu wa tumbo moja hawakai kitako pamoja. Humu ndani kuna familia mbili zilikuwa zinapishana kwenye ngazi kimya kama hazionani, na sahani baina yao zilisita, Ramadhani ikaja ikapita. Mpaka yalipokuja maridhiano ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF mwisho wa 2009 na ile kura ya maoni ya Julai 2010 ya serikali ya umoja ndo pumzi zikashuka, na bado wapo ambao hawakurudiana hata leo.

Sasa najua utanambia, mama hao unaowasema washaondoka. Nusu kweli. Tangu mji utiwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 nyumba zimekuwa dhahabu, wa juu alihamia Kwarara, wa chini watoto wao wamewachukua Canada, na vyumba vya juu sasa ni Airbnb, saa tisa usiku nasikia mabegi ya magurudumu yanapanda ngazi dung dung dung. Watu wazuri, wananisalimia jambo nami nawaitikia jambo, lakini wiki ijayo ni wengine. Na aliyekodi nyumba ya pili kaweka vyungu vya maua juu ya baraza, vizuri kweli kwenye picha, ila kaviweka makusudi wazee wasikae, na kahawa ya jioni ikabidi ihame. Baraza ile mvua ikijaa maji njiani ndo tulikuwa tunapita juu yake tusirowe! Hilo lilinikera mpaka sikulala.

Lakini na Fuoni yako nimeiona. Idi ile niliyokaa huko nilitoka asubuhi na sahani ya vileja nikasema nianze na wa mkono wa kulia. Nimegonga geti weee, baadae kikafunguka kitundu, jicho la msichana wa kazi, "mwenyewe hayupo". Wa pili hakufungua kabisa, mbwa tu. Na ni watu wetu hao hao, wengine nina hakika wametoka Malindi na Sokomuhogo, wakiwa kule walikuwa hawafungi mlango mchana. Sasa hao wa njia yako kila mtu ana ukuta wake, tangi lake, kisima chake, gari inaingia mpaka ndani, hakuna anachomtakia mwenzie. Umenambia utaniwekea kamera uniangalie kwenye simu ukiwa Muscat. Haya umeniona nimeanguka jikoni, utampigia nani? Namba ya jirani unayo?

Kwa hiyo nitahama, lakini nyumba lazima ibadilike kwanza, maana kama sisi familia nne tusiojuana tulifanywa majirani na bomba basi na huko inawezekana, kinachokosekana ni bomba. Mwambie fundi ajenge baraza nje ya ukuta, si ndani, nje, upande wote wa njiani, na kipaa juu cha kivuli, pana ya mtu mzima kukaa na mkewe akaweka kikapu. Alafu kutoka kwenye tangi lako avute bomba moja nje mtu yeyote achote, maana maji ya serikali huko nimeona yanakwenda na kurudi na si kila mtu ana kisima, wale wa nyumba za nyuma wanabeba madumu kutoka mbali. Usiniambie bili, kama ni sadaka kwa baba yako mtilie nia. Geti kubwa libaki la gari yako ukija, mie nitobolewe mlango mdogo wa mbao utakaokuwa wazi kutwa na pazia tu, na kengele ya umeme sitaki, mtu apige hodi.

Na nataka nihamie Shaabani katikati, nisifike Ramadhani ikiwa ishaanza, niwe nshapata kujua nani ana watoto wadogo nani mgonjwa wa sukari hali tambi. Ile seti ya vyombo ya Muscat uliyonunua yenye ukingo wa dhahabu iweke kabatini. Ninunulie sahani za kawaida, nyingi, zile za maua za Darajani, na usinunue ghali kwa sababu nyingine hazitarudi. Fundi mpe namba yangu anipigie mie, asikupigie wewe, baraza huijui kimo chake.